"AI NDIYO IMESEMA, MIMI SIJASEMA"

Bismillaahir Rahmaanir Rahiim.



Ndugu zangu, leo sizungumzii talaka wala mirathi, ingawa nusu ya jumbe zenu kwenye simu yangu ni hizo mbili. Nazungumzia sarafu. Sarafu moja ya shaba, ndogo, imeliwa na kutu ya kijani upande mmoja, iliyotoka ndani ya sanduku la bati la marehemu mzee mmoja hapa hapa Miono na kuuzwa mtandaoni kwa Sh 350,000. Usiseme "mimi siuzi sarafu" ukapita. Jambo hili limeshaingia kwenye tangazo la kiwanja unalolisoma, la gari, la dawa ya kisukari, na hata kwenye mawaidha unayotumiwa asubuhi ya Ijumaa.

Kisa ni hiki. Kijana mmoja wa hapa kijijini, ninayemfahamu tangu akisoma Juzuu Amma, alimzika babu yake. Baada ya arobaini wakawa wanapanga vitu vya marehemu, akaokota sarafu ile. Akaipiga picha kwa simu. Akaipiga upande mmoja tu, ule unaosomeka, wenye maandishi ya Kiarabu na tarakimu za Kiarabu 1307. Akaingia kwenye mtandao wa mauzo. Siku hizi mitandao hiyo ina kitufe: unaweka picha na jina la kitu, unabonyeza, akili mnemba inakuandikia maelezo yote. eBay walianza kuweka kitufe cha namna hiyo mwaka 2023, na wengine wakafuata. Kijana akabonyeza. Yakatoka maneno haya, nayanakili kama yalivyokuwa:

"Miliki kipande adimu cha historia! Sarafu hii ya kuvutia ya mwaka 1307, kutoka enzi ya dhahabu ya Usultani wa Kilwa, inasimulia hadithi ya biashara ya Bahari ya Hindi. Ikiwa katika hali bora kabisa, ni hazina isiyopaswa kukosekana kwa mkusanyaji yeyote makini."

Yeye mwenyewe hajawahi kufika Kilwa. Babu yake hakumwambia neno kuhusu Kilwa. Lakini alipoyasoma yale maneno yalimpendeza, akaweka bei, akatuma kiungo kwenye kundi letu la darsa.

Na mimi, Allah anisamehe, nikakituma kiungo kile kwenye makundi mengine matatu, nikaongeza na maneno yangu: "MaashaAllah, hii ndiyo historia ya Waislamu wa pwani." Sikuikagua. Sikumuuliza hata swali moja. Nilifurahi, nikasambaza.

Akanunua dada mmoja, mwalimu wa shule huko Bagamoyo mjini. Alitaka kuwaonyesha wanafunzi wake. Fedha akatuma kwa simu, sarafu ikapakiwa kwenye basi. Wiki mbili baadaye akampelekea mzee mmoja anayezijua sarafu, na yule mzee akafanya jambo ambalo hakuna kati yetu aliyelifanya: akaigeuza.

Dada yule hakumpigia kijana. Alinipigia mimi.

"Shikamoo Ustadhi."

"Marhaba mwanangu."

"Ustadhi, ile sarafu ya Kilwa uliyotutumia. Nyuma ina ndege tai na maandishi ya Kijerumani. Na imeandikwa 1890."

Nilinyamaza. Kisha akaniambia sentensi ambayo sijaweza kuisahau: "Nisingenunua kwa mtu nisiyemjua, ila niliona Ustadhi umeisambaza."

Nikamwita kijana. Akaja, akaamkia, akakaa chini. Wallahi hakuwa na sura ya mtu mdanganyifu. Na jibu lake ndilo lililonifanya niandike haya yote: "Ustadhi, mimi sijasema uongo. AI ndiyo imesema."

Ndugu yangu unayesoma, nataka tuisimamishe sentensi hii mbele yetu tuiulize maswali, kwa sababu nimeshaisikia tena mara nyingi baada ya siku ile, kutoka kwa dalali wa viwanja, kutoka kwa muuza vipodozi, na kutoka kwa ustadhi mwenzangu.

Kwanza tujue akili mnemba ni nini, maana wengine mnaizungumzia kama malaika na wengine kama jini. Ni programu iliyolishwa maandishi mengi mno ya watu, ikajifunza neno gani huwa linafuata neno gani. Ukiiambia "sarafu ya kale", inakurudishia maneno ambayo watu huandika wanapouza sarafu za kale. Na wauza sarafu duniani kote huandika nini? Adimu. Hazina. Hali bora. Basi na yenyewe itaandika adimu, hazina, hali bora. Haikuishika ile shaba. Haikuipima. Iliona 1307 na herufi za Kiarabu, ikaunganisha na Kilwa kwa sababu Kilwa na sarafu za Kiarabu za pwani hutajwa pamoja. Hiyo ndiyo elimu yake yote katika jambo lile.

Sasa rudi kwenye dini yako. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul-Baqara, haizungumzii swala wala saumu. Inazungumzia kuandikiana katika miamala. Allah anaamrisha awepo mwandishi, aandike kwa uadilifu. Kisha angalia nani anaambiwa atamke yale ya kuandikwa: ni yule ambaye haki iko juu yake. Na kama mtu huyo hawezi kutamka, basi atamke walii wake kwa uadilifu. Mwandishi hakuachiwa atunge! Kalamu ni ya mwandishi, maneno ni ya mwenye dhima. Wewe umegeuza mambo: umemwachia mwandishi atunge, kisha wewe mwenye dhima ukatia saini bila kusoma, na ulipoulizwa ukamnyooshea kidole mwandishi. Na mwandishi huyo hana roho wala akaunti ya kurudishia fedha.

Na katika Suratul-Israa, aya ya 36, tumekatazwa kufuata jambo tusilokuwa na ujuzi nalo, tukaambiwa kwamba masikio, macho na moyo, vyote vitaulizwa. Kijana wangu, wewe ulikuwa na macho na sarafu ilikuwa kiganjani mwako. Mashine haina macho ya kuulizwa Siku ya Kiyama. Macho yatakayoulizwa ni yako.

Na yangu.

Imepokewa katika utangulizi wa Sahihi Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alisema inamtosha mtu kuwa muongo kwa kusimulia kila alichokisikia. Hadithi hii nimeifundisha darasani pengine mara ishirini. Sikuwahi kuiona ikinitazama mimi mpaka siku ile. Anayebonyeza "tuma" bila kukagua anasimulia kila alichokisikia, hata kama ana kilemba.

Katika utangulizi huo huo imenukuliwa kauli ya Abdallah bin al-Mubarak kuhusu isnadi, kwamba ni sehemu ya dini na lau si isnadi, angesema mwenye kutaka kusema lolote alitakalo. Wanazuoni wetu walivuka jangwa kwa ngamia kumuuliza mtu mmoja: uliisikia kwa nani? Na huyo aliisikia kwa nani? Wakichunguza kama alikuwa na kumbukumbu nzuri, kama alikutana kweli na sheikh wake. Umma uliojenga elimu ya namna hiyo leo unauliza, "Nani kakwambia ni ya Kilwa?" Jibu: AI. "AI kaambiwa na nani?" Kimya. Kwa istilahi ya wenyewe hiyo si hata dhaifu, ni habari isiyo na asili. Na ubaya wake hauishii hapo. Tangazo lile lilikaa mtandaoni siku kadhaa. Mashine nyingine inaweza kuwa imeshalisoma. Kesho mtu mwingine ataokota sarafu kama ile kule Mkange, ataiuliza mashine, itamjibu Kilwa, na safari hii kutakuwa na "chanzo": tangazo la kijana wetu wa Miono. Uongo umejizaa wenyewe ukapata na ukoo.

Mtasema, Ustadhi unakuza mambo, ni sarafu tu. Basi ngoja niwaambie sarafu ile ni nini hasa, muone tulichokuwa tunakitupa.

Ile ni pesa. Ndilo jina lake, pesa moja. Ilitolewa na Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, na pesa 64 zilikuwa sawa na rupia moja, mpaka Wajerumani walipobadilisha hesabu mwaka 1904 wakaleta heller, 100 kwa rupia. Upande mmoja tai wa Kaizari, jina la kampuni na mwaka wa Kizungu. Upande wa pili herufi za Kiarabu zinazotaja kampuni hiyo ya Kijerumani, na mwaka wa Hijria. 1307 si mwaka wa kina Ibn Battuta! Ni Hijria. Kuna hesabu rahisi ya kukadiria: zidisha mwaka wa Hijria kwa 0.97, jumlisha 622. Fanya mwenyewe: 1307 inakupeleka ukingoni mwa 1890. Muislamu anayefunga Ramadhani kila mwaka kwa kalenda ya Hijria, akaona mwaka wa Hijria kwenye sarafu asiutambue! Hapo siilaumu mashine, nalaumu madrasa zetu, na yangu ikiwemo.

Sasa sikiliza. Mwaka wa Hijria 1307 ulianza mwishoni mwa Agosti 1889. Desemba 1889 Wajerumani walimnyonga Bushiri bin Salim pale Pangani. Ni mwaka uleule uliochongwa kwenye sarafu ile. Bwana Heri wa Saadani, na Saadani ni jirani zetu, ukitoka hapa Miono ukashika njia ya Mkange unafika, alikuwa bado anapigana nao. Kampuni iliyoichukua pwani hii mwaka 1888, watu wakaasi kuanzia Pangani mpaka kusini, ndiyo kampuni iliyopiga sarafu ile. Na bado ililazimika kuandika kwa herufi za Kiarabu. Kwa nini? Kwa sababu watu wa pwani ndizo herufi walizokuwa wakisoma na kuandika. Kaizari mwenye mizinga alihitaji herufi za chuoni kwetu ili shaba yake ikubalike sokoni Bagamoyo. Huo ni ushahidi, uko mkononi, umetiwa muhuri na adui mwenyewe, kwamba wazee wetu hawakuwa wajinga wasiojua kusoma. Babu wa yule kijana aliutunza ndani ya sanduku la bati. Na mjukuu akaubadilisha kwa "hazina isiyopaswa kukosekana kwa mkusanyaji yeyote makini".

Mwalimu yule angewaonyesha watoto sarafu halisi na kisa halisi, wangetoka darasani na kitu. Badala yake angewafundisha uongo kwa sauti ya mwalimu, na kila mtoto angemfundisha mdogo wake.

Tena kuna jambo lingine ambalo kijana hakulijua. Sarafu halisi za Kilwa ni vipande vidogo vya shaba vyenye majina ya masultani kama Ali bin al-Hasan, na hazina mwaka. Sarafu ya shaba yenye mwaka 1307 tayari imejikana yenyewe kuwa ya Kilwa. Lakini tuchukulie ingekuwa kweli. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964, iliyorekebishwa 1979, inakihesabu kitu kilichotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863 kuwa kumbukumbu ya kale. Ukikigundua unatakiwa kutoa taarifa, na huruhusiwi kukiuza wala kukipeleka nje bila kibali. Basi tazama ulipojiweka, ewe kijana: kama maelezo yako ni ya kweli, umevunja sheria ya nchi na kuuza amana ya umma. Kama si ya kweli, umemdanganya Muislamu mwenzako. Tangazo lenyewe halikukuachia mlango wa kutokea.

Nikamwambia hivyo. Akasema, "Lakini Ustadhi, picha niliweka. Aliona anachonunua."

Aliona upande mmoja. Mnakumbuka kisa cha lile fungu la nafaka sokoni Madina? Mtume (S.A.W.) alipita, akaingiza mkono ndani ya fungu, vidole vikakuta umajimaji. Akamuuliza mwenye mali, akajibiwa kuwa imenyeshewa mvua. Mtume hakubishana naye kuhusu mvua. Mvua si kosa la muuzaji! Alimuuliza kwa nini hakuiweka juu ile iliyolowa ili watu waione, kisha akasema kwamba anayetughushi si katika sisi. Ipo katika Sahihi Muslim. Sasa nakuuliza wewe unayepiga picha za kuuza: upande wa tai ulioliwa na kutu ndio nafaka iliyolowa. Upande wa 1307 ndio nafaka kavu ya juu. Yule bwana wa Madina angalau alikuwa na udhuru wa mvua. Wewe unasema mashine.

Wengine mtaniambia, kila tangazo lina chumvi kidogo, hata mchuuzi wa nanasi pale Kiwangwa husema nanasi lake ni asali. Naam, na mnunuzi anajua nanasi si asali. Kusifia ni jambo moja na kutoa habari ni jambo lingine. "Inapendeza" ni sifa. "Ya mwaka 1307" ni habari. "Ya fedha halisi" ni habari. "Adimu" ni habari. Shilingi ya Afrika Mashariki ya mwaka 1952, yenye simba, si ya fedha. Ni mchanganyiko wa shaba na nikeli, kwani fedha iliyokuwemo katika zile za zamani, nayo ilikuwa robo tu, iliondolewa walipoanza kupiga za 1948. Nimeona ikitangazwa kuwa "fedha safi", na maneno yananukia mashine kuanzia herufi ya kwanza. Senti 20 za mbuni na senti 50 za sungura za mwaka 1966, sarafu za kwanza za Tanzania, zilipigwa kwa mamilioni, zimo kwenye vikopo vya bibi zenu. Kila siku "adimu sana". Ukimwambia mtu kitu ni adimu umemwambia alipe zaidi. Hiyo si chumvi tena.

Na kwenye dhahabu ndiyo hatari kubwa. Mwaka 1916, katikati ya vita, Wajerumani walipiga sarafu za dhahabu za rupia 15, zenye tembo, katika karakana ya reli Tabora. Zilikuwa kama 16,000 tu, na za bandia zimejaa duniani. Picha ya bandia ikiwekwa mbele ya mashine, itakuandikia sifa zilezile za halisi, maana inayojua ni picha, haijui uzito. Ukichanganya na wale wanaotangatanga usiku na vifaa wakitafuta "mali za Mjerumani", mtu anauza ng'ombe anunue shaba iliyopakwa rangi. (Na kwa kuwa nimetaja dhahabu: kuuza dhahabu au fedha kwa hela kwa kucheleweshana, unalipa leo mzigo unafika wiki ijayo, kuna mushkeli wa riba. Baraza la Fiqhi la Kimataifa lilipitisha Amman mwaka 1986 kwamba noti zina hukumu za dhahabu na fedha. Hiyo ni mada yake, nitaiandikia Inshaallah. Shaba haimo.)

Kuna wajanja wamepata ujanja mpya. Chini kabisa ya tangazo, kwa herufi za mchwa, wanaandika: "Maelezo haya yametengenezwa na akili mnemba, yanaweza kuwa na makosa." Wanadhani wamevuka daraja. Suala hili mafaqihi walishalijadili kabla hata umeme haujajulikana: kuuza kwa sharti la kujivua na aibu za bidhaa. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, kauli yenye nguvu ni kwamba sharti hilo linamvua muuzaji na aibu iliyofichika ndani ya mnyama ambayo yeye mwenyewe hakuijua, kwa sababu mnyama anakula na kubadilika na huwezi kumuona ndani. Kwa kingine, hapana. Sarafu si mnyama. Haina utumbo. Aibu yake iko juu ya uso wake, na inaonekana kwa kuigeuza.

Na hata pasipo ghushi ya makusudi, mauzo yakifanyika kwa sifa iliyotajwa kisha sifa hiyo isiwepo, mnunuzi ana khiyari ya kurudisha. Dhambi ni mlango mmoja, haki ya mja ni mlango mwingine. Naamini kijana hakukusudia. Lakini kutokukusudia kwake hakumpi yeye Sh 350,000 za mwalimu. Wanapokea wasimulizi wa maisha ya Imam Abu Hanifa kwamba mshirika wake aliuza nguo yenye kasoro akasahau kumweleza mnunuzi, na mnunuzi hakujulikana alikokwenda. Imam aliitoa sadaka thamani yake. Mshirika ndiye aliyesahau! Abu Hanifa hakusema "si mimi, ni Hafs".

Sasa nigeukie upande wa pili, maana nawajua. Mmeshaanza kuandika huko chini: "AI ni haramu, ni ya Dajjal." Acheni. Kalamu haina dhambi, na mimi si katika wanaoharamisha kila kinachokuja na chaji. Kuna dada hapa kijijini anasuka mikeka ya ukindu, hajui Kiingereza hata neno, mashine imemwandikia tangazo akauza mpaka nje ya nchi. Alisema urefu, upana, rangi, siku alizosukia, na mashine ikapanga maneno. Alitamka yeye, ikaandika yenyewe. Hiyo ndiyo aya ya 282 kama ilivyo. Ninachokipinga ni kuiachia itamke.

Na msidhani ugonjwa uko sokoni tu. Nimetumiwa "hadithi" zilizopangwa vizuri, zina jina la sahaba, zina namba ya kitabu. Nimefungua kitabu, hakuna. Nikamuuliza aliyenitumia, naye ni mtu wa mimbari: "Sheikh, nilipata kwenye AI." Mkulima amedanganya kuhusu shaba ya pesa moja tunamkalisha kitako. Huyu wa mimbari tumkalishe wapi?

Unayetaka kuuza cha babu yako, fanya hivi kabla hujabonyeza kitufe chochote. Piga picha pande zote mbili na ukingo, kwenye jua, usiifute kutu wala kuisugua kwa mchanga au ndimu, maana kuisugua kunaiharibu na wanaokusanya hawaipendi. Peleka kwa sonara akupimie gramu. Weka sumaku; fedha na dhahabu hazivutwi, ingawa kutovutwa peke yake hakuthibitishi kitu. Kama kuna Kiarabu, mlete kwa mwalimu wa madrasa akusomee. Usilolijua andika "silijui". Hakuna fardhi ya kujua kila kitu, na sijaona tangazo lililokufa kwa neno "sijui". Mtume (S.A.W.) katika hadithi ya Hakim bin Hizam, iliyomo katika Bukhari na Muslim, ameifunga baraka ya mauzo na mambo mawili, kusema kweli na kubainisha, na akaeleza kwamba kwa kuficha na kusema uongo baraka hufutwa. Kuna sarafu za shaba za Sayyid Barghash wa Unguja, za mwaka 1299 Hijria, zimechorwa mizani. Ukibahatika kuipata moja, itazame kabla hujaitangaza.

Kuhusu kesi yetu. Kijana alikuwa ameshatumia Sh 200,000 kwenye dawa za shamba. Akarudisha 150,000 siku ileile. Mimi nimelipa 100,000, si hisani, ni deni la kusambaza nisichokijua, na kijana atanirudishia nusu akitaka, asipotaka nimesamehe. Iliyobaki ataimalizia baada ya mavuno ya ufuta, mwalimu amekubali, Allah amlipe kheri. Sarafu imerudi kwa basi. Kwenye yale makundi matatu nimeandika kwa mkono wangu kwamba nilikosea. Watu kumi na mmoja wameweka vicheko. Sawa.

Tangazo lipya kalitamka kijana, mashine imepanga herufi tu, nami nimelisoma mara mbili. Linasema hivi:

"Pesa moja ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, 1307 Hijria, 1890. Shaba. Upande wa tai umeliwa na kutu, tazama picha ya pili. Si adimu, zipo nyingi. Ilikuwa ya babu yangu, Miono. Sijui aliipataje. Bei Sh 20,000, inapungua."

Mpaka naandika haya haijapata mteja. Mwenye kuitaka anitumie ujumbe faragha, nitamuunganisha na mwenyewe.

Wabillaahit-tawfiiq.